Kabla ya mechi ya pool, anza na mweupe peke yake
Nimelijua hili juzi Likoni, baada ya miaka ya kujipasha moto vibaya: usianze kwa kutia mipira mashimoni. Weka mpira mweupe kwenye mstari wa kuanzia, uupige katikati kabisa, ugonge ukingo wa mbali na urudi usimame karibu na ukingo wako. Mara kumi hivi, mkono umelegea. Ukirudi kombo, ujue fimbo inaugusa pembeni. Halafu kwa pigo hilohilo unapima mwendo wa kitambaa cha meza, na hapa Mombasa hilo si dogo: unyevu wa bahari ukikiingia, hasa masika, mipira huwa mizito kwenda, na meza uliyoizoea jana leo si ile. Tena zoezi hili halili sarafu: kwenye meza za kutia sarafu, mipira mingine ndiyo inayoihitaji ili itoke, si mweupe. (Mwenye meza atanuna, lakini dakika tatu atakuvumilia.) Haisaidii kitu ukijipasha meza moja ukachezea nyingine. Na meza ikiwa imeinama upande mmoja, mweupe utakwenda kombo hata ukipiga sawa. Piga kutoka ncha ya pili, ukivutwa upande uleule wa meza, basi mkono wako hauna kosa.