Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Mwanamume Mtu Mzima Kutahiriwa

Mwanamume aliyekwisha kuvuka umri wa jando, akaamua kutahiriwa hospitalini, kwa kawaida huulizia kwanza maumivu na gharama, na swali lake la kweli hulitoa pale tu mshauri anapofunga mlango: je, uume utasimama kama zamani? Swali hilo halina aibu yoyote, na ni afadhali lijibiwe wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe kuliko kubaki moyoni hadi mtu amelala juu ya kitanda cha upasuaji.

Uume husimama kwa sababu damu hujaa ndani ya nyama yake iliyo kama sponji, kwa amri ya mishipa ya fahamu itokayo kwenye uti wa mgongo, ilhali govi ni ngozi ya nje ambayo mkato wake, ukifanywa na mtaalamu, haufiki huko. Hata hivyo, mtu asidanganywe kwamba govi ni ngozi iliyokufa ganzi, kwani lina mishipa ya fahamu na likishakatwa halirudi. Jijini Kisumu, wanaume 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24 waliingizwa katika utafiti, wengine wakatahiriwa mara moja na wengine wakasubiri. Katika muda wa miaka miwili ya kufuatiliwa, waliotahiriwa hawakuonekana kuwa na matatizo ya tendo la ndoa kuliko wenzao, na zaidi ya nusu yao walisema hisia zimeongezeka. Hayo ni maelezo ya wahusika wenyewe, kwa hiyo mimi huyachukua kama sababu ya kuondoa hofu, si ahadi ya kuongezewa nguvu.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni kuijua hali yao kabla ya tohara. Mwenye uume unaolegea katikati ya tendo, au anayefika kileleni mapema mno, amweleze daktari sasa, kwa kuwa chanzo chaweza kuwa kisukari, shinikizo la damu au dawa zake, pombe, sigara au msongo wa mawazo, na tohara haitibu hata kimoja kati ya hivyo. Asiposema, mwezi wa tatu baada ya kupona atailaumu tohara kwa ugonjwa aliokuja nao. Tofauti ni kwa yule ambaye govi lake limebana kiasi kwamba halivutiki nyuma, au huchanika kila anapokutana na mkewe, maana huyo tohara humwondolea maumivu yenyewe.

Mhudumu aambiwe pia kuhusu dawa zozote za kuzuia damu kuganda, historia ya damu isiyokata katika ukoo, na kidonda au usaha wowote sehemu za siri, ambavyo hutibiwa kwanza. Ikiwa tundu la mkojo liko upande wa chini wa uume, tohara isifanywe bila daktari bingwa, kwa sababu ngozi ya govi huhitajika katika kulirekebisha. Kuhusu chanjo ya pepopunda na kipimo cha VVU, aulize mapema.

Kisha kuna kalenda. Mwaka 2010, kampeni iliyofanyika Iringa katika msimu wa baridi ilitahiri wanaume zaidi ya 10,000 kwa muda wa wiki 6, na wengi hupenda msimu huo kwa imani kwamba kidonda hupona haraka. Muhimu kuliko baridi ni kupata wiki 6 zisizo na tendo la ndoa wala punyeto, hata kama kwa nje kidonda kinaonekana kimefunga wiki ya tatu, kwa kuwa ngozi changa huchanika na kufungulia njia maambukizi kwa wote wawili. Dereva wa bodaboda apange siku za kukaa nyumbani. Usiku wa kwanza, na kadhaa itakayofuata, uume utasimama wenyewe alfajiri na nyuzi zitavuta, hivyo akojoe kabla ya kulala na, ukisimama, ainuke atembee chumbani hadi utulie. Uchungu huo, japo unatisha, ni dalili kwamba mitambo inafanya kazi.

Mke aambiwe mapema, maana wiki 6 ni zake pia. Huko Rakai, Uganda, wanawake 455 ambao waume zao walitahiriwa waliulizwa kuhusu raha yao: takribani 57 katika kila 100 hawakuona tofauti, karibu 40 walisema imeongezeka, na wasiofika 3 walisema imepungua. Kwa kuwa kinga dhidi ya VVU ambayo mwanamume huipata kwa tohara ni takribani asilimia 60 tu, wakubaliane pia kuhusu kondomu watakaporejeana. Siku ya kwenda, avae chupi ya kubana kiasi, itakayoushikilia uume ukielekea kitovuni, na juu yake kikoi au suruali pana. Suruali ya jinzi aiache nyumbani.