Kwa nini wese la Kyerwa ni ghali kuliko la Dar, na jinsi ya kujua bei halali ya hapo ulipo

Kila nikipandisha Kagera lazima kuna abiria ataniuliza, mbona bei kwenye mabango inapanda kadiri tunavyosogea, hawa wa huku si wanatuibia? Mara nyingi hapana. Mafuta yetu yanakuja na meli na zinashusha bandari 3 tu, Dar, Tanga na Mtwara, kutoka hapo ni lori, na nauli ya lori inaingia kwenye kila lita. Kodi na tozo ni zilezile Tanzania Bara yote. Ndo maana Kyerwa, kule mpakani kabisa, huwa karibu na kilele cha orodha, halafu hata bandari zenyewe hazifanani bei kwa sababu kila shehena ina gharama zake, Arusha na Moshi wanahesabiwa ya Tanga, Songea ya Mtwara, sisi wengine ya Dar.

Sasa kujua kama unauziwa sawa, usiangalie mkoa, angalia wilaya, maana Bukoba mjini na Kyerwa ni mkoa mmoja ila bei mbili tofauti. EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti bei ya mafuta, wanatoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, inaanza saa 6:01 usiku. Huna bando? Piga *152*00# ufuate maelekezo. Ukishaipata linganisha na bango la sheli, na bango ni lazima liwepo na lisomeke, sio limefunikwa na matawi. Wakiuza chini ya kikomo usishtuke, kikomo ni dari, wanaruhusiwa kushindana chini yake, ndo maana sheli mbili zinazotazamana zinaweza kupishana.

Hiyo Jumatano ndo ya kuwa macho. Kuna siku nimefika sheli moja asubuhi, bei imeshuka usiku ila pampu bado inasoma ya jana, shilingi 70 juu kwa kila lita, na mimi nataka lita 60, hiyo ni 4,200 inaondoka hivihivi. Nikamwonyesha dada wa pampu simu, hakubisha, akampigia bosi wake, wakabadilisha nikiwa nimesimama palepale. Wangekataa ningechukua risiti ya mashine, ile yenye jina la kituo, tarehe, lita na bei, nikapeleka ofisi ya EWURA ya kanda. Bila risiti huna kesi kaka, idai hata kama umeweka ya elfu tano.

Na kama unaenda bara jaza kabla hujaondoka, ukiwa unarudi pwani weka ya kukufikisha tu. Ya kwenye chupa za maji barabarani iogope, ile haina bei kikomo wala hujui imechanganywa na nini.