Umetumwa Newala au Liwale kikazi? Panga hivi usirudi umechakaa

Msimu wa korosho ukianza, kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa, ofisi nyingi za Mtwara na Lindi zinatawanya watu, huyu Tandahimba, yule Masasi, mwingine Liwale wiki mbili, na wengi wanapanda gari bila kuuliza chochote zaidi ya "tunatoka saa ngapi". Wanaochoka zaidi ni wale wanaosafiri Jumapili, wanapiga kazi wiki nzima, wanarudi Jumamosi usiku, afu Jumatatu asubuhi wako mezani kama vile walikuwa likizo. Fanya hivo miezi mitatu mfululizo uone, hasira za ovyo, mgongo, usingizi hauji, nyumbani mnaongea kwa meseji tu.

Kwa hiyo anza na kalenda kabla ya begi. Omba maelezo kwa maandishi, hata WhatsApp inatosha: unatoka lini, unarudi lini, nauli ya nani, posho ya kulala shilingi ngapi na inaingia lini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kama wewe sio meneja, inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, pia inataka upate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Huna haja ya kwenda kwa bosi na vifungu mkononi, mwambie tu kwa adabu, "Bosi, Jumapili nitakuwa barabarani, naomba Jumatatu nikirudi nipumzike." Sema kabla hujaondoka. Ukisema baada ya kurudi, ukiwa umeshanuna, inaonekana unalalamika.

Posho ije kabla ya safari. Hii ya "tumia yako utarudishiwa" mimi siikubali kabisa, inamfanya mfanyakazi aikopeshe ofisi. Na najua wengi tunabana posho ili ibaki ya ada ya watoto, siwezi kukulaumu, ila jiwekee kiwango usichokishusha: chumba salama na mlo mmoja wa maana kwa siku. Ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili pale barabarani ni tamu sana lakini usiifanye chakula cha mchana wiki nzima huku unatembea maghala kutwa nzima.

Chumba sasa. Ukifika guesti usikimbilie kulipa, ingia kwanza, washa taa, teremsha neti uitandaze mbele ya taa, matundu yote yanaonekana hapo hapo. Tundu dogo lishone, beba sindano na uzi, likiwa kubwa omba neti nyingine au hama. Mikoa yetu hii malaria bado ipo na safari za kazi zinakukuta umechoka hujali. Ukirudi, homa ikija hata baada ya wiki mbili tatu nenda kapime, na mwambie daktari ulikuwa wapi, usinunue dawa kwa kubahatisha. Newala uliza pia habari ya maji, kule juu shida ya maji ni ya miaka mingi, na kama unaenda Juni au Julai beba sweta maana usiku kuna baridi ambayo mtu wa Mikindani haijui. Dada zangu, ulizeni wenzenu waliotangulia ni guesti gani wamelala kwa amani, na ukiambiwa mtabanana nyumba moja na bosi wako una kila haki ya kukataa na kutaka chumba chako.

Barabarani, tokeni asubuhi. Nachingwea kwenda Liwale kiangazi ni vumbi na masika ni tope, usipange kikao cha saa nne asubuhi siku hiyo hiyo. Na kama unapita njia ya Dar wakati wa mvua weka siku ya ziada, tuliona Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilivyokata barabara pale Somanga watu wakakwama. Afu jamani, dereva naye ni mfanyakazi. Kuna ofisi zinawalipia maofisa vyumba halafu dereva analala kwenye gari, kesho yake ndio anawaendesha nyie wote huku macho yanafumba. Mpiganieni apate kitanda, ni uhai wenu. Ikitokea ajali, chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, tunza karatasi zote za hospitali na mpe mwajiri taarifa mara moja, kwa sababu kuumia ukiwa kazini ni suala la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF.

Nyumbani acha hela ya matumizi na mpange muda mmoja wa simu, mfano watoto wakishakula kabla hawajalala. Vijiji vingine mtandao haushiki, waambie mapema wasianze kuwaza mabaya. Watoto waambie siku ya kurudi kwa jina, "Alhamisi", maana "nitarudi karibuni" inawaumiza.

Marejesho ya hela yaandike usiku wa mwisho ukiwa bado guesti, na kila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ipige picha siku ileile uliyopewa, karatasi zile zikikaa kwenye joto la gari maandishi yanafutika, na mhasibu hawezi kupitisha karatasi nyeupe.