Gemu ya VR ya kupunguza mkaa jikoni: kuitengeneza, kuichezesha na kupima matokeo

Gemu nyingi za mazingira hushindwa kabla mchezaji hajavaa miwani ya VR (uhalisia pepe, yaani miwani ya skrini inayomfanya ajione yuko ndani ya gemu), kwa sababu zinataka kufundisha kila kitu kwa mpigo: plastiki, ukame, barafu inayoyeyuka, tembo. Mchezaji anatoka na huzuni, anasema imemgusa sana, kisha anapika kama alivyopika jana. Chagua tendo moja tu: linalofanywa kwa mkono, lililo chini ya uamuzi wa mchezaji mwenyewe, na linaloweza kupimwa kwa mizani au mita. Hapa tunatumia mfano wa kuloweka maharage usiku na kufunika sufuria wakati wa kuchemsha, kwa kaya za Dar es Salaam zinazopikia mkaa.

Msingi wa mbinu hii ni jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford lililochapishwa mwaka 2014 na Sun Joo Ahn, Jeremy Bailenson na mwenzao. Baadhi ya washiriki walikata mti mkubwa kwa msumeno wa mashine ndani ya VR, wakishika kifaa kinachotetemeka mkononi. Wengine walisoma tu maelezo ya mti huo kukatwa. Baadaye mtafiti alimwaga maji kama kwa bahati mbaya. Waliokata mti walitumia karatasi za kufutia pungufu kwa takriban 20%. Zingatia mambo mawili: mkono ulifanya kazi, na kilichohesabiwa ni karatasi, si majibu ya dodoso.

Vifaa

Miwani ya aina ya Meta Quest 2, 3 au 3S inatosha, kwa kuwa haihitaji kompyuta wakati wa kucheza. Ongeza pakiti za betri za AA kwa ajili ya rimoti (vishikio vya mkononi vya gemu), kitambaa laini kikavu cha lenzi, vitambaa vya kufutia visivyo na spiriti kwa sehemu inayogusa uso, kiti kisichozunguka, na mizani ya kidijitali ya kuning'iniza yenye usahihi wa gramu 10.

Maboksi ya karatasi ya kuwekea simu ni rahisi, lakini hayana mikono: mchezaji anageuza kichwa na kutazama tu. Tena simu isiyo na jairoskopu (kihisi kinachotambua simu inavyogeuzwa) haigeuzi picha vizuri. Kwa kazi hii, miwani moja inayozunguka kwa watu kumi ni bora kuliko maboksi kumi.

Kutengeneza gemu

Programu za kutengenezea gemu za Unity na Godot zote zinafaa, na Godot ni ya bure kabisa. Gemu iwe ya dakika 5 hadi 6, yenye sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni msitu wa miombo. Mchezaji ameketi, ana shoka, na mbele yake upo mti mmoja. Uanguke baada ya mapigo 12 hivi. Ukianguka kwa pigo la tatu hakuna uzito wowote. Ukifika mapigo 30 watu wanachoka na kuanza kucheka. Kila pigo litetemeshe rimoti kwa muda mfupi, sehemu ya kumi ya sekunde hivi, na sauti ya shoka ilie wakati uleule. Sauti ikichelewa, ubongo unashtukia uongo. Kisha mti unageuka tanuri, na tanuri linageuka mkaa. Tanuri la udongo la kienyeji hula takriban kilo 5 hadi 10 za kuni kavu kwa kila kilo 1 ya mkaa, basi weka wastani wa 7 na uonyeshe lundo lenyewe badala ya kuandika tarakimu hewani.

Sehemu ya pili ni jiko la nyumbani: jiko la mkaa, sufuria, mfuniko, bakuli la maharage makavu na jingine la yaliyolowekwa. Hapa ndipo gemu inapofaulu au kuharibika. Mchezaji achague maharage yapi apike na kama atafunika, na matokeo yaonekane papo hapo: mkaa unapungua haraka au polepole, na dirishani miti inabaki au inatoweka mmoja mmoja. Mwache apike mara mbili, ya kwanza bila maelekezo, ya pili baada ya kuona hasara. Usimpe pointi wala nyota. Ukimzoesha kufunika sufuria kwa ajili ya pointi, nyumbani ambako hakuna pointi hana sababu ya kufunika. Wala usimalizie na jangwa na maiti za ng'ombe. Hofu isiyo na la kufanya huzaa kukata tamaa. Mchezaji amalize mkono ukiwa juu ya mfuniko.

Kichefuchefu huanzia kwa mtengenezaji. Usimtembeze mchezaji kwa kumsukuma mbele huku mwili wake umekaa, kwani jicho linasema anakwenda na sikio la ndani linakataa. Badilisha mahali kwa kufifisha picha hadi giza kwa nusu sekunde. Shikilia fremu (picha) 72 kwa sekunde, maana yake kila fremu ina milisekunde 13.9 tu. Adui mkubwa wa msitu ni majani yenye sehemu za uwazi, kwa sababu yakipandana kifaa huchora eneo lilelile mara nyingi. Tumia majani yenye umbo kamili kwenye mti wa karibu, na picha bapa kwa miti ya mbali. Vivuli vichorwe kabla, visikokotolewe gemu ikichezwa.

Siku ya kuchezesha

Washa miwani jana yake ukiwa na intaneti. Masasisho yakianza mbele ya foleni ya watu ishirini, asubuhi imekwisha. Andaa eneo la mita 2 kwa 2 lenye mwanga wa kutosha. Kamera za miwani hupotea kwenye giza, mbele ya vioo na penye ukuta mweupe usio na alama; bandika mabango machache ukutani. Kamwe usiache lenzi zikitazama jua, hata kwa dakika chache dirishani: lenzi hukusanya miale na kuunguza skrini, na doa hilo halitoki.

Kwa kila mchezaji rekebisha umbali wa lenzi. Quest 2 ina nafasi tatu: milimita 58, 63 na 68. Wengi wanaolalamika ukungu wana tatizo hili au wamevaa miwani juu sana puani. Mwenye hijabu au nywele za kusuka alegezewe mkanda wa juu kwanza, kisha wa nyuma. Anayevaa miwani ya macho awekewe kizuizi cha nafasi ndani, la sivyo lenzi zitakwaruzana.

Hesabu dakika 6 za kucheza na 4 za kubadilishana, yaani watu 6 kwa saa. Betri hudumu saa 2 hadi 3, kwa hiyo uwe na pawabenki, hasa kama umeme wa mtaani kwenu una tabia zake. Mwenye kifafa asicheze. Meta inaruhusu akaunti za watoto kuanzia miaka 10 chini ya usimamizi wa mzazi. Kwa shule, omba ridhaa ya wazazi kwa maandishi.

Mchezaji akivua miwani tu, apelekwe mezani palipo na maharage halisi. Apime kikombe chake, atie kwenye chombo chenye mfuniko aondoke nacho, na aandike sentensi moja ya lini hasa ataloweka: "Nikimaliza kuosha vyombo vya usiku, naloweka." Ukichelewesha hatua hii hadi kesho yake, umepoteza sehemu kubwa ya nguvu ya gemu.

Kupima

Wiki mbili kabla ya gemu, kila kaya ipewe kilo 5 za mkaa uliopimwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Baada ya siku saba pima uliobaki, jaza tena hadi kilo 5, na urudie. Ndoo si urembo: mkaa hunyonya unyevu, na wakati wa masika gunia lililo wazi huongezeka uzito bila kuongezeka mkaa. Kaya inayomaliza kilo 5 kabla ya siku saba ipewe kiasi kikubwa zaidi tangu mwanzo, vinginevyo hutajua ilitumia kiasi gani.

Gawa kaya kwa kura: nusu zicheze gemu, nusu zione video ya kawaida yenye ujumbe uleule na zipewe maharage yaleyale. Bila kundi hilo la pili utaipa gemu sifa ambayo pengine ni ya maharage ya bure. Andika wageni, misiba na mwezi wa Ramadhani, maana mapishi hubadilika kabisa. Gawanya matumizi kwa idadi ya waliokula.

Pima wiki ya kwanza, ya pili na ya sita baada ya gemu. Wiki ya kwanza hudanganya kwa sababu ugeni wa miwani bado unasimuliwa mezani. Kama wiki ya sita makundi yote mawili yameshuka sawa, chukua video na uache gemu, ni nafuu. Kama kundi la gemu limeshuka zaidi lakini linapanda tena, rudisha miwani kwa kaya hizohizo kwa dakika tatu za sehemu ya jikoni pekee, bila kuukata mti tena.