Gari kongwe linakula oili: nitie ipi?

Gari likishapita kilomita laki mbili, swali huwa ni lile lile: "Nitie oili gani lisile?" Na wa kukujibu hawakosekani: "Tia nzito." Nami niliwahi kuufuata ushauri huo. Kitabu cha gari langu kilisema 5W-30, mimi nikatia 20W-50. Moshi ulipungua kweli, wiki mbili hivi. Lakini kila asubuhi nikiwasha, tapeti ziligonga kama cherehani mbovu na taa ya oili ikawa inakawia kuzimika. Mwezi haukwisha nikaimwaga. Tangu siku hiyo naanza na kupima, oili inafuata.

Hatua ya 1: Pima linakula kiasi gani

"Linakula sana" si kipimo. Egesha mahali tambarare, zima injini ikiwa imepata moto, kisha subiri dakika 10 oili ishuke kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka kiishie, kichomoe tena, sasa ndiyo usome. Ukisoma mara ya kwanza tu utadanganyika, kwa sababu oili huwa imerukia juu ya kijiti wakati injini inazunguka. Geuza kijiti uone pande zote mbili. Zikitofautiana, fuata upande unaoonyesha chini.

Jaza hadi alama ya juu, usiipite. Andika kilomita kwenye kipande cha karatasi ukibandike ndani ya boneti. Ukifikisha kilomita 1,000 pima tena, mahali pale pale, kwa namna ile ile. Kwenye magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita 1, kwa hiyo kijiti kikisoma katikati, limekula nusu lita.

Wapo watengenezaji wanaoandika kwamba lita 1 kwa kilomita 1,000 bado ni kawaida. Mimi naona hapo kitabu kinamlinda aliyekiandika. Kwangu, chini ya nusu lita unaishi nalo bila presha. Kati ya nusu na lita nzima, oili uliyoichagua vizuri inaweza kupunguza. Likizidi lita, hakuna oili ya kuliponya. Anza kuweka akiba ya kushusha injini.

Hatua ya 2: Jua inapotelea wapi

Kwanza hakikisha haivuji. Tandaza katoni chini ya injini usiku kucha, asubuhi uangalie matone. Kuna watu wameshusha injini nzima kumbe tatizo lilikuwa gasketi ya kifuniko cha valvu.

Katoni ikiwa kavu, tazama moshi. Wa bluu ndio wa oili. Mweupe mzito wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, na mweusi ni petroli iliyozidi. Huo wa bluu nao una saa zake. Ukitoka kwa kishindo asubuhi unapowasha kisha ukapotea, shuku sili za valvu: oili imechuruzika usiku ikakusanyika juu ya pistoni. Vivyo hivyo ukishuka mteremko umeachia mafuta, halafu ukikanyaga nyuma kunatoka wingu. Lakini moshi ukikufuata kila unapovuta mzigo au kupanda mlima, hizo ni ringi za pistoni, zimelika au zimegandishwa na kaboni kwenye mifereji yake.

Kabla ya kumhukumu yeyote, chomoa valvu ndogo ya kupumulia injini, ile yenye mpira unaoelekea kwenye manifodi, njia ya kuingizia hewa kwenye injini. Aina nyingi ukizitikisa hulia kachakacha. Ikiwa kimya, imenasa, na ikinasa ikiwa wazi injini hunyonya oili yenyewe kama mtu anayenywa kwa mrija. Ni kifaa cha bei ndogo, anza nacho.

Hatua ya 3: Namba

Kwenye 5W-30, namba ya mbele inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Ya nyuma ni uzito wake ikiwa na joto la nyuzi 100. Fungua kitabu cha gari uone uzito gani unaruhusiwa. Vingi vina jedwali lenye zaidi ya mmoja.

Kanuni yangu: panda ngazi moja tu kwa namba ya nyuma, na ya mbele uiache ilipo ukiweza. Aliyekuwa kwenye 5W-30 aende 5W-40. Aliyekuwa 10W-30 aende 10W-40. Kuruka hadi 50 ndilo kosa langu la hapo juu. Injini nyingi za kuanzia miaka ya 2000 zina mfumo wa kubadilisha muda wa valvu unaoendeshwa na presha ya oili kupitia vitundu vyembamba, na oili nzito huchelewa kuvipita.

Hatua ya 4: Herufi

Nyuma ya kopo tafuta API, alama ya kiwango cha Taasisi ya Petroli ya Marekani. Inayoanza na S ni ya petroli, na herufi ya pili ikisogea mbele, kiwango ni kipya zaidi: SN ilianza 2010, SP 2020. Kwa petroli, kipya hubeba kazi ya cha zamani, hivyo SP haina shida kwenye gari la miaka ya tisini.

Ukiona pia ACEA A3/B4, kiwango cha watengenezaji magari wa Ulaya, chukua hiyo. Wengi hawaijui sababu yake. Si oili yote inayoisha kwa kupita kwenye ringi. Nyingine hugeuka mvuke kwa joto tu. Maabara huichemsha kwa nyuzi 250 saa nzima, kisha hupima uzito uliopotea. A3/B4 hairuhusu kuzidi asilimia 13, wakati SP huruhusu 15. Hata hivyo, gari likiwa na kichujio cha masizi kwenye ekzosi, fuata kitabu neno kwa neno.

Zipo pia oili zilizoandikwa kwamba ni za magari ya kilomita nyingi. Huwa na kemikali za kulainisha sili zilizokakamaa. Kwa sili za valvu na mivujo midogo zinastahili kujaribiwa. Kwa ringi zilizolika, usizitegemee.

Ukishabadilisha oili na filta, rudi hatua ya 1. Kilomita 1,000 nyingine, kijiti kile kile.

Maswali ya wanachama

— Fundi, mimi naongezea lita kila mwezi. Si ni kama nimeshabadilisha?

Hapana, ndugu yangu. Filta ni ile ile, na uchafu uliobaki chini haujaondoka. Badilisha kwa wakati wake, ikiwezekana mapema kidogo.

— Naweza kuchanganya sinthetiki na ya kawaida nikiishiwa safarini?

Changanya. Oili zenye leseni ya API lazima ziweze kuchanganyika. Afadhali mchanganyiko kuliko sampu tupu.

— Nina oili ya lori imebaki, naweza kuitia kwenye gari la petroli?

Soma kopo. Kama kuna C (ya dizeli) peke yake bila S, iache. Oili nyingi za lori zina fosforasi zaidi, na gari linaloichoma huipeleka yote kwenye katalisti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi.

— Nitie dawa ya kusafisha injini kabla ya kumwaga?

Kwenye injini iliyotunzwa, sawa. Kwenye iliyojaa tope, naogopa: tope likibanduka kwa mpigo huziba chujio la pampu, na hapo utalia. Bora oili nzuri na vipindi vifupi, itajisafisha polepole.

— Kwa kuwa linakula, nimeamua kulijaza kupita alama ili nipate nafasi. Kuna ubaya?

Upo. Kranki hupiga oili ikatoka povu, na povu halilainishi kitu. Nyingine hupitia kwenye ile valvu ya kupumulia na kuchomwa. Yaani umelifanya lile zaidi.

— Taa ya oili haijawahi kuwaka, kwa hiyo niko salama?

Kwenye magari mengi taa hiyo husoma presha, si kiasi. Inapowaka kwenye kona, huenda pampu imeshaanza kunyonya hewa. Zima injini hapo hapo ulipo, kando ya barabara, usijisemee "nafika tu pale." Na ambaye gari lake linakula nusu lita apime kila anapojaza tangi.