Kabla hujanyanyua mkono mnadani, chomoa droo uigeuze

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa nyie wa New England, yale majimbo ya kaskazini mashariki, ambako kila kamji kana mnada wake, naandika hii kwa sababu nimepigwa na sitaki mwenzangu apigwe palepale. Naongelea samani za Kimarekani za kale, zile za karne ya 18. Ukizipenda zinakuteka kweli, mimi zimeniteka miaka sita sasa.

Nilinunua kabati la droo nne, mahogani tupu, vishikio vya shaba. Katalogi imeandika Chippendale style, yaani mtindo wa samani wenye jina la fundi wa London, Thomas Chippendale. Mimi nikaona Chippendale nikaishia hapo. Jamani, hilo neno style likifuata jina, maana yake ni kitu kimetengenezwa kwa mfano wa kile, sio chenyewe. Nasema tena, sio chenyewe! Chippendale ya Marekani yenyewe ni ya kama 1755 mpaka 1790, kabati langu ni la miaka ya 1880. Ilikuwaje? Mwaka 1876 Wamarekani walisherehekea miaka 100 ya uhuru wao, wakashikwa na hamu ya vitu vya mababu, basi watengenezaji wakatoa kopi kwa wingi. Sasa kopi ya miaka 140 nayo imechubuka na kuiva rangi, na forodha ya hapa kitu kikipita miaka 100 inakihesabu antiki. Kwa hiyo dalali aliponiambia ni antiki hakudanganya hata neno moja, ndo maana nilipolalamika sikuwa na pa kushika, maana masharti yanasema unanunua kama kilivyo.

Kiwanja nyumbani hununui bila kwenda ardhi kufanya search, si ndio? Hapa search yako ni tochi. Njoo siku ya maonyesho kabla ya mnada, chomoa droo, igeuze, mulika chini kwa ubavu. Fundi mmoja mzee jirani yangu ndo alinionyesha, mimi nimeshalipa tayari: chini ya droo kulikuwa na mikwaruzo ya kupinda, mmoja baada ya mwingine kama mawimbi ya pwani maji yakitoka. Huo ni msumeno wa duara, na msumeno wa duara haukuenea huku mpaka kama miaka ya 1830. Mbao za zamani zaidi zina mistari iliyonyooka, au zimepigwa randa ya mkono, ukipitisha vidole unasikia vibonde vidogovidogo. Skrubu yenye ncha kali nayo ni ya kuanzia miaka ya 1840, za kabla ya hapo ni butu, ila skrubu hubadilishwa, usihukumu kwa hiyo peke yake. Na angalia kama sehemu ya juu na ya chini zilizaliwa pamoja, wengine huunganisha vipande vya makabati mawili.

Usijione mjinga ukikosea. Jumba la makumbusho la Henry Ford kule Michigan lilinunua kiti mwaka 1970 likiamini ni cha karne ya 17, kumbe kilichongwa juzijuzi na fundi wa Rhode Island, Armand LaMontagne, na ikajulikana 1977.

Halafu bei. Nyundo iligonga dola 1,400, wakaongeza asilimia 25, ada ya mnada anayolipa mnunuzi, na kodi ya mauzo ya Massachusetts asilimia 6.25, ikafika kama 1,860, na gari la kubeba juu yangu. Kujiandikisha na kulipa ni rahisi, leseni ya udereva na kadi basi.

Wadogo zangu mliokuja kunitembelea, nawapenda, lakini msasa muuache! Kitu cha kale ukikikwangua rangi yake ya asili umekata thamani, hata kama kinang'aa. Na shangazi unayetaka kusafirisha samani nyumbani, kuweka kwenye kontena sio kutupia tu, hata mbao za kreti lazima ziwe zimepashwa joto au kufukizwa dawa, na kugongwa muhuri, la sivyo mzigo unaweza kuzuiwa.

Kitu kimoja cha hawa watu sijakizoea. Mzee akifa, watoto wanabandika bei kwenye kitanda chake na wageni wanapita chumbani wakipapasa mito. Kwetu khanga za marehemu hugawiwa na wazee kwa heshima zake. Lakini haohao wanatunza risiti ya miaka 250 ya fundi wa samani wa Newport, mji wa Rhode Island, na sisi milango ya Lamu na Unguja tumeiuza kwa watalii.

Tena sandarusi yetu ya pwani, ule utomvu mgumu wa mti unaochimbwa ardhini, karne ya 19 meli za Salem, bandari ya Massachusetts, ziliibeba kutoka Unguja kwenda kutengenezea vanishi. Kwa hiyo hata kopi yangu hii siiuzi. Huenda iliyopakwa juu yake ilichimbwa Bagamoyo.