Mkutano wa ajaili Dar: ukitokea Mtwara usirudi na tisheti tu

Wadau wa programu wa Mtwara na Lindi, ajaili ni ule utaratibu wa kujenga programu kidogo kidogo huku mtumiaji akiijaribu, na mkutano wake uko Dar. Toka Mtwara ni kilomita 500 na ushee ndani ya basi, so hakikisha safari inalipa. Kabla hujapanda andika kwenye simu tatizo moja la timu yenu, moja tu. Mi langu lilikuwa programu ya kupokelea korosho ghalani, tumeijenga miezi 6 kimya kimya bila kumwonyesha karani wa mizani, siku tunampelekea anauliza "sasa korosho zenye unyevu naandika wapi?" tukabaki tunaangaliana. Jibu sikulipata jukwaani wala, nililipata kwenye foleni ya chai, jamaa kaniambia kateni kazi vipande vya wiki 2, kila kimoja kikiisha karani akishike akijaribu mwenyewe. (Skramu, mtindo mmojawapo wa ajaili, inaruhusu sprinti, yaani kipande kimoja cha kazi, hadi mwezi, ila kwa msimu wa korosho mwezi ni mwingi mno.) Mada za kuelezea ile ilani ya ajaili ya 2001 (tamko la misingi yake) ruka, ni fupi utaisoma kwenye basi. Kaa warsha za vitendo. Ukirudi anza na kitu kimoja, mfano kikao cha dakika 15 kila siku, na msikigeuze baraza la kijiji.